Anayekaa na Gari

Ukipeleka gari gereji kule Gatina, hupeleki gari peke yake. Unapeleka na makalio yako. Huo ndio utaratibu, na hakuna ubao ulioandikwa. Mtu huujifunza siku anayorudi kuchukua gari lake akute betri si ile, jeki haipo, na fundi anaapa kwa jina la mamake kwamba gari lilikuja hivyo hivyo. Kwa hiyo mwenye gari hukaa. Hukaa juu ya tairi kuukuu au kreti ya soda, akiangalia kila nati inayofunguliwa inawekwa wapi. Wanaume hukaa kwa raha zao, maana hupata watu wa kubishana nao kuhusu mpira. Jentrix alikuwa mwanamke, na hakuwa na timu.

Pikapu lilikuwa la mumewe, Wanzala, ambaye walimzika Kimilili kabla mvua za masika hazijaanza. Lilibeba magunia ya omena, dagaa wa ziwani, kutoka Gikomba hadi Kisumu Ndogo, Kibera, magunia yake na ya akina mama wengine waliouza kando yake, na nauli ya magunia hayo ndiyo iliyolipa nyumba na karo ya binti yao, Mitchelle. Dereva alikuwa Austin, kijana wa kuajiriwa, mcheshi, mwenye mkono mwepesi kwenye honi na mzito kwenye kupima oili. Siku hiyo alikuwa amebeba makochi ya mtu anayehamia Gatina, kazi ya pembeni ambayo hakumwambia mwenye gari. Taa nyekundu ya oili iliwaka, akadhani itazima yenyewe. Injini ikaanza kugonga kama mtu aliyefungiwa chooni, akaongeza sauti ya redio. Lilipozima kabisa, watu wa mtaa walilisukuma hadi gereji iliyokuwa karibu, ya fundi mmoja aitwaye Muema. Austin alishusha makochi ya watu, akapokea pesa yake, akampigia Jentrix simu moja, kisha akazima simu na hajaiwasha mpaka leo.

"Imenoki, mama," Muema alisema Jentrix alipofika, akijifuta mikono kwa tambara lililokuwa chafu kuliko mikono yenyewe.

"Kunoki ndio nini?"

"Ni kufa. Imekosa oili ikajikula ndani kwa ndani. Lakini usilie, kuna njia mbili. Ya kwanza, tunatoa hii tunaweka ingine ya mtumba, ile imetoka Japan. Asubuhi tunatoa, jioni unaenda nayo. Ya pili ni overhaul. Tunafungua yote, bloku inaenda kuchongwa, tunaweka pistoni mpya, ringi mpya, tunaifunga tena. Hiyo inachukua siku mingi, na lazima ukae."

"Na pesa?"

"Ya mtumba unalipa yote mara moja, hao watu hawajui mkopo. Ya overhaul unaweza kuwa unalipa pole pole, leo pistoni, kesho gasketi."

"Na gani ni mzuri?"

Muema alikuna kichwa. "Ya mtumba ni kama mchumba wa Facebook, huwezi jua hali yake mpaka afike kwako. Hii yako angalau unajua ugonjwa wake."

"Wewe ungefanya gani?"

"Mimi?" Muema alicheka. "Mimi nalipwa kwa zote mbili."

Lilikuwa jibu la kweli, na kwa hilo tusimlaumu.

*

Jumapili, baada ya kanisa, Wepukhulu alikuja Kisumu Ndogo na mkate mkubwa na paketi mbili za maziwa. Alikuwa kaka mkubwa wa Wanzala, mwenye duka la mabati na misumari huko Kawangware, mtu mpana aliyelazimika kuingia nyumba ya Jentrix kwa ubavu. Alikaa kwenye kiti alichokuwa akikaa marehemu. Viti vingine vilikuwepo.

"Mulamwa," alianza, baada ya chai, akimwita shemeji kwa lugha ya kwao, "nimesikia habari ya gari. Nimelala nikifikiria. Mimi nitanunua injini. Wewe usitoe hata shilingi moja."

Jentrix aliweka kikombe chini. Alikuwa amepiga hesabu usiku wote na kila alivyoipiga ilimpiga yeye. Aliona machozi yakimlengalenga, akayazuia. "Mungu akubariki, mulamwa. Sikujua nianzie wapi."

"Ni gari ya ndugu yangu. Haiwezi kukaa gereji kama yatima." Wepukhulu alikata mkate kwa mikono. "Sasa, injini ikibadilishwa, logbook lazima irekebishwe, kwa sababu namba ya injini itakuwa ingine. Hapo hapo tutamaliza ile mambo ya jina. Jina la marehemu haliwezi kukaa huko milele. Tutaandika langu."

"Lako?"

"Si nimesema ni mimi ninanunua injini? Gari ni injini, mulamwa. Hiyo ingine ni mabati, na mabati mimi nauza. Itakuwa inalala kwangu, nitafute dereva mwenye akili. Umeona vile huyo Austin amekufanya. Mwanamke hawezi simamia dereva. Kila mwisho wa mwezi nitakuwa nakuletea kitu."

Jentrix alijua kitu ni nini. Kitu huja mwezi wa kwanza kwa mkono, wa pili kwa simu, wa tatu huja salamu. Siku ya tatu baada ya mazishi, wazee walipokaa nyumbani Kimilili kuzungumza mali na madeni ya marehemu, walisema gari ni la mjane na Wepukhulu awe akimsaidia kuliangalia. Hakuna aliyesema liandikwe Wepukhulu.

"Wacha nifikirie," alisema.

"Ufikirie nini?" Wepukhulu alishangaa kweli kweli. Hakuwa mtu mwovu. Alilia kaburini hadi akashikwa na vijana wawili, na usiku mwingi tangu hapo alikuwa akiamka akimkumbuka mdogo wake, ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kuendesha gari hilo hilo. Kumwona mwanamke wa watu akiwa na funguo za mdogo wake kulimchoma, na yeye alidhani kuchomwa huko ndiko kupenda.

"Nifikirie tu, mulamwa."

Alipoondoka, mkate ulibaki nusu mezani. Rachael, jirani aliyekuwa akiuza omena naye bega kwa bega, alikuja kuazima kiberiti na akakaa kusikiliza.

"Na unafikiria nini?" Rachael alisema. "Mimi ningepata shemeji kama huyo ningepokea na mikono mbili na miguu. Hiyo gari itakutoa mvi."

"Ikiandikwa yeye nitabaki na nini?"

"Utabaki na amani."

Rachael alichukua kiberiti akaenda kwake, ambako mumewe alikuwa akikohoa na watoto wakigombania rimoti. Kuta za mabati hupitisha kila sauti. Jentrix alikaa akisikiliza nyumba ya watu ikigombana, akaona wivu hata kwa ule ugomvi.

Mitchelle, aliyekuwa akijifanya anasoma juu ya kitanda, aliinua kichwa. "Na wewe mum unataka gani?"

Tangu injini ife, hilo lilikuwa swali la kwanza la aina yake. Jentrix alifikiria kidogo. "Nataka gari yetu ibaki yetu."

"Basi si utengeneze hiyo hiyo."

*

Basi akatengeneza hiyo hiyo. Alichukua akiba ya chama cha kuchangiana kabla ya zamu yake, kwa kubembeleza, akamwambia Muema afungue. Na akaanza kukaa.

Kila asubuhi aliacha beseni lake la omena kwa Rachael amuuzie, akaja Gatina kwa miguu kupitia Ngong Road, akakaa juu ya kreti karibu na pikapu lililokuwa limefunguliwa boneti, tumbo tupu. Injini yenyewe ilikuwa juu ya meza, vipande vipande. Hakujua majina yake, ila alivijua kwa sura, na kipande kikihamishwa aliuliza kinaenda wapi. Bloku ilipopelekwa kuchongwa aliifuata na kukaa mlangoni kwa wachongaji mpaka ilipotoka, kisha akarudi nayo kwenye mkokoteni, mkono wake mmoja juu yake, kama ng'ombe anayepelekwa sokoni.

Wanaume waliokaa na magari yao walimsalimu siku ya kwanza. "Mzee yuko wapi?" mmoja aliuliza. Alipojibu kwamba mzee alishafariki, yule mtu alisema pole, akageukia mpira. Siku ya pili walimpisha nafasi, lakini si kwa heshima. Harufu ya omena haitoki kwenye leso hata uifue na sabuni gani, na mtu mmoja alisogeza kreti yake upande wa upepo huku akijifanya anafuata kivuli. Jentrix aliona. Kesho yake alikuja na leso ya kanisani.

Choo hakikuwapo. Wanaume walienda nyuma ya lori bovu. Yeye alilazimika kwenda hoteli ya mbali, anunue chai asiyoitaka ndipo apewe ufunguo, na njia yote awe anakimbia, maana ameacha meza. Alijifunza kutokunywa maji. Saa za mchana vijana wa gereji walichanga wakaagiza chapati na madondo ya maharagwe, wakala pamoja kutoka sahani moja kubwa. "Mama, karibu," Muema aliita kila siku, kwa ile sauti ya kumkaribisha mtu unayejua hatakuja. "Asante, nimeshiba," alijibu, akafungua ugali wake na kula akiwa ameangalia ukuta.

Kulikuwa na siku nzima ambazo maneno yake yote yalikuwa hayo: nimeshiba, hiyo inaenda wapi, nitaleta kesho. Wakati wa matanga nyumba ilijaa watu mpaka wengine wakakaa kwenye mtaro, na kila aliyetoka alimshika mkono akamwambia tuko pamoja. Tuko pamoja ni neno la matanga. Chai ikiisha nalo huaga likaenda kwao. Alijaribu kumweleza Rachael hilo jioni moja, alipoenda kuchukua beseni lake. Rachael alikuwa akihesabu sarafu.

"Watu wako na mambo yao, Mama Mitch," Rachael alisema. "Si ati wamekuacha." Kisha, bila kumtazama, akaongeza: "Na wale wateja wako, yule wa hoteli na yule mama wa Makina, siku hizi wamezoea kuniita mimi. Usione vibaya."

Jentrix alisema haoni vibaya. Aliona vibaya sana. Alienda kulala mapema akiwa na njaa, kwa sababu kupika ni kupikia mtu, na Mitchelle alikuwa amekula shuleni.

*

Siku ya kufunga injini ilipokaribia, shule nayo ikatuma ujumbe. Wazazi wote wa Grade 9 wafike kesho, bila kukosa, watoto wachague masomo ya kwenda nayo senior school. Mtoto asiye na mzazi atachaguliwa masomo na walimu.

"Kesho usiguse gari yangu," Jentrix alimwambia Muema. "Niko na mkutano shuleni."

"Mama, hiyo haiwezekani. Hii nafasi ni ya pesa, kuna gari tatu ziko kwa laini. Kesho ndio tunafunga bloku, kesho kutwa tunarudisha ndani, unaenda. Tafuta mtu akae."

Alimpigia Rachael. "Gereji?" Rachael alisema. "Nikae na wanaume siku nzima? Baba watoto ataniuliza nini?" Jentrix alitaka kumwambia kwamba hata yeye hukaa na wanaume siku nzima, ila hana wa kumuuliza. Akaandika kwenye kundi la WhatsApp la akina mama wa kanisa, wale waliokuwa wamevaa vitambaa vyeupe wakimzunguka kwenye jeneza: *Dada zangu, naomba mmoja wenu anisaidie kesho kunikalia na gari Gatina, hata nusu siku.* Alikaa akiangalia kioo cha simu. Zikaja alama za mikono ya maombi, moja baada ya nyingine. Mmoja akaandika *Mungu atatenda.* Mwingine akauliza kama kuna mtu anauza sare ya kwaya, na mazungumzo yakaelekea huko.

Alibaki na namba moja. Aliizunguka kama mtu anayezunguka mbwa, kisha akaibonyeza.

"Nitakaa," Wepukhulu alisema, hata kabla hajamaliza kueleza. "Kwani duka itakimbia? Enda kwa mtoto. Nitafika asubuhi kabla yako."

"Mulamwa, najua ulikasirika nilipokataa injini yako..."

"Hiyo tuwache. Mtoto wa Wanzala ni mtoto wangu."

Jentrix alikata simu akakaa kitandani akalia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi akilia kwa furaha. Katika Nairobi yote hiyo, mtu mmoja alikuwa amesema nitakaa. Alijilaumu kwa kumfikiria vibaya.

Na kweli asubuhi alimkuta pale, juu ya kreti yake, na kofia ya jua na gazeti.

*

Shuleni alikaa kwenye dawati la mtoto, magoti juu. Wazazi wengine walikuwa wamekuja wawili wawili, au na dada, au na shangazi. Mwalimu aliuliza, "Baba hakuweza kufika?" na Mitchelle akajibu kwa niaba yake, haraka haraka, kwamba baba yuko safari. Jentrix alimtazama binti yake. Mitchelle alikuwa akiangalia sakafu. Walichagua sayansi, mama akaweka sahihi, na foleni ilikuwa ndefu hata alipotoka kivuli kilikuwa kimeshahamia upande wa pili wa barabara.

Alifika Gatina na mfuko wa mahamri aliomnunulia Wepukhulu. Kabla hajaingia gerejini alisikia injini ikinguruma, na akajua sauti ya pikapu lake haikuwa hiyo.

"Mama! Imewaka!" vijana walipiga makofi walipomwona. "Gari imefufuka! Leta soda!"

Wepukhulu alikuwa kwenye usukani, akikanyaga mafuta na kuachia, uso wote meno. Alizima, akashuka, akaning'iniza funguo kwenye kidole. "Mulamwa, nimekumalizia. Hiyo kukaa kukaa imekwisha."

Jentrix alitembea mpaka kwenye boneti. Ndani kulikuwa na injini nyeupe, safi, imeandikwa kwa chaki ya sokoni. Aligeukia meza. Ilikuwa tupu.

"Injini yangu iko wapi?"

"Hii ni ya Japan," Wepukhulu alisema. "Nimeileta asubuhi. Ile ya kuunganisha unganisha ingekusumbua tena. Wewe umechoka, kila mtu anaona. Nimeongea na fundi, ile ya zamani ameinunua, hiyo pesa imelipa kazi ya leo. Hakuna deni. Kesho nitaanza mambo ya logbook."

"Muema." Hakupandisha sauti. "Nimekulipa pistoni. Nimekulipa ringi. Kwa nini hukunipigia simu?"

Muema aliangalia viatu vyake. Alikuwa amefikiria kupiga simu, asubuhi, kwa muda wa kama kuvuta sigara moja. Lakini mzee alikuja na kofia na gazeti na kauli nzito, akasema ni mambo ya familia, na injini iliyochongwa upya kwa bei ile haiji kila siku. "Mama, si wewe ulimleta akae?" alisema. "Hapa anayekaa na gari ndiye mwenye gari. Ndio sheria yetu. Nilijua mmesikizana."

Wanaume waliokuwa kwenye kreti zao walikuwa wameacha mpira. Mmoja alisema, "Lakini mama, shemeji kama huyo ni baraka. Sema asante."

Alikuwa akimtakia mema. Wote walimtakia mema, na hapo ndipo Jentrix alipojiona yuko peke yake kuliko siku zote alizokula ameangalia ukuta. Asante ingetosha. Angeingia kwenye kiti cha abiria, apelekwe Kibera kwa gari, Rachael atoke nje kutazama. Angekuwa na watu. Krismasi wangemchukua wakaenda naye nyumbani.

"Niliacha injini yangu juu ya meza hii," alisema, sasa kwa sauti ya sokoni, ile inayovuka mtaro. "Nimetoka nusu siku kwenda shule ya mtoto. Nimerudi haiko. Nani hapa ataacha gari yake kwa huyu fundi aende hata choo?"

Mwanaume aliyemwambia aseme asante alisogeza mguu wake mpaka ukagusa betri ya gari lake. Mwingine alisimama akaenda kuangalia buti. Muema aliyaona yote hayo, na jasho likamtoka, kwa maana fundi wa Gatina hana cheti ukutani. Ana jina tu.

"Iko pale nyuma, chini ya gunia," alisema haraka. "Sijaiuza. Haijaguswa."

"Basi toa hii. Rudisha yangu."

"Mama Mitch," Wepukhulu alisema. Hakusema mulamwa. Alikuwa ameaibishwa mbele ya watu wasiomjua, akiwa amekuja kwa nia ambayo mwenyewe aliiona njema. "Nimefunga duka. Nimekaa hapa na jua. Nani mwingine alikuja kukukalia? Nitajie mmoja."

"Hakuna."

"Hakuna. Sasa sikiliza. Ukitoa hiyo injini, usinipigie simu tena. Hata ukiwa na matanga. Hata siku yako ikifika, utajitafutia watu wa kukubeba."

Maneno hayo yakisemwa na mtu wa nyumbani kwao si hasira tu. Jentrix aliyaelewa mpaka chini. Aliona kaburi la Wanzala chini ya migomba, na nafasi iliyoachwa kando yake kwa ajili yake, na aliiona ikijazwa na mahindi. Aliona makaburi ya jiji kule Lang'ata, udongo mwekundu, na majirani asiowajua kushoto na kulia. Akashika boneti.

"Mulamwa, nakushukuru kwa kukaa," alisema. "Nisamehe. Lakini toeni."

Wepukhulu aliweka funguo juu ya boneti, taratibu, karibu na mkono wake. Akachukua gazeti lake. Alipofika kwenye lango alisimama kidogo, mgongo umewageukia, na Jentrix alitamani sana ageuke. Hakugeuka. Alimwambia Muema kwamba atatuma mkokoteni kesho uchukue mali yake, akaondoka.

Vijana wa gereji, walipoelewa kwamba hakuna soda na kwamba kazi ya siku nzima inafunguliwa bure, walinawa mikono wakaenda mmoja mmoja. Wanaume wa kreti nao walifunga magari yao wakaenda. Muema alifanya kazi kwa hasira, akifungua alichofunga mchana, mpaka jua likaingia nyuma ya magorofa ya kupangisha. Mfuko wa mahamri ulikuwa bado mkononi mwa Jentrix, akauweka chini.

Muema alivuta cheni ya kunyanyulia injini kutoka kwenye nguzo zake tatu, akaitia injini ya Japan kulabu, akajaribu kuitoa peke yake, ikayumba ikataka kugonga bodi. Akaishusha tena akahema.

"Hii si ya mtu mmoja," alisema. "Mmoja anavuta cheni, mwingine anaongoza. Na hao vijana hawarudi. Piga simu uite mtu wako, mama, hata jirani."

Jentrix alitoa simu. Aliangalia majina, akashuka nayo mpaka mwisho wa orodha, akapanda nayo mpaka mwanzo. Akairudisha.

"Sina mtu," alisema. "Nionyeshe nivute wapi."